Petroli Nisiyoweza Kuinusa

Nashipai wangu,

Nakusikia huko chumbani unafungua begi na kulifunga tena. Umeshalipanga vizuri tangu mchana, nimeliona, lakini mikono yako haitaki kutulia. Yangu pia haitaki, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mdogo wako Lemayani amelala miguuni pangu, ng'ombe wameshakamuliwa, na nimechoka uchovu ule unaoujua, wa kusahau kama nimekula au sijala.

Sitaandika habari za kufua, wala za kuficha pesa, wala za wavulana wa chuo. Hayo nimeyasema mpaka ukaanza kunimalizia kabla sijafika mwisho. Nataka kuandika habari ya gari. Najua utacheka. Mtu anakwenda Mbeya kusomea uuguzi, mama yake anamwandikia habari ya harufu ya petroli! Lakini kila nikitafuta neno la kukuaga narudi kwenye ile siti ya nyuma, basi nimeacha kushindana nayo.

Na kuna jambo kati yetu halijaisha. Siku ile uliposema utaahirisha chuo mwaka mzima kwa ajili ya pua yangu, mimi sikukujibu sawasawa. Nilisema tu, "Tutaona." Hata leo wakati wa kula ulikuwa unaniuliza kwa macho kama kesho unapanda basi au hupandi. Jibu liko humu. Nivumilie nifike.

Pua yangu ilikufa nikiwa na mimba ya Lemayani, baada ya yale mafua makali. Unakumbuka nilivyolala na wewe ukakamua peke yako. Homa ilipoondoka nikapika maharage yakaungua, na nikaendelea kuyakoroga mpaka jirani akaita kutoka nje. Nikasema ni uchovu. Mchana ule nikanusa kitunguu, hakuna. Nikanusa sabuni, hakuna. Nikajiambia itarudi yenyewe. Baba yenu alikuwa ameshakwenda Dodoma kwenye kazi za ujenzi, gari amenikabidhi mimi, tumbo limenikaa mbele kwenye usukani, wewe uko kwenye mitihani. Nani angekaa kusikiliza habari za pua? Nikanyamaza. Kila mlipouliza kama maziwa yameharibika nilikuwa nayaonja kwa ulimi haraka haraka, ninyi mkidhani nayanusa.

Huko unakokwenda utakutana na watu wanaosema hawaumwi. Mimi ni mmoja wao. Ukimwona mwanamke anajibu haraka sana, nikumbuke.

Ya gari ilianza Kijenge, kwa Mama Halima. Hukuwepo siku hiyo, nilikuja kukusimulia nikijisafisha, kwa hiyo sasa nakusimulia ilivyokuwa. Nilishusha madumu pale mgahawani kwake kama kila siku. Akafungua moja, akainama, akainuka na uso umekunjamana.

"Mama Nashipai, haya maziwa umeyabebea kwenye tangi la bodaboda?"

"Maziwa ya ng'ombe wangu hayo, nimekamua mwenyewe."

"Basi ng'ombe wako anakunywa petroli. Jana mteja kanirudishia chai, kaniambia nimletee na kiberiti kabisa."

Watu wote mgahawani walicheka. Mimi nilikasirika. Nilidhani anatafuta njia ya kunishusha bei. Ningeweza kuinama kwenye lile dumu na kusema, "Dada, mimi sisikii harufu, niambie wewe ikoje." Maneno hayo yalikuwa mepesi, na sikuyasema. Nilibeba madumu yangu nikaondoka, na yale maziwa tukagandisha mtindi ambao hata wewe hukuunywa. Ulisema umeshiba.

Wewe ulikuwa umeshaniambia kabla yake. Tulikuwa tunashuka kutoka Olmotonyi, baridi ya asubuhi, nimefunga vioo kwa sababu ya mtoto, wewe ukafungua cha kwako.

"Mama, gari linanuka petroli."

"Magari yote yanatembea kwa petroli. Ulitaka linuke nini, marashi?"

Ukafunga kioo kidogo, ukaacha nafasi ya vidole viwili. Kila asubuhi baada ya hapo uliacha nafasi ile ile, hukubishana, hukuiziba. Nilikuwa naona ukaidi. Sasa nikikumbuka ile nafasi ya vidole viwili moyo unanishuka, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inatupa hewa sisi watatu.

Kwa fundi Elia, kule gereji ya Sakina, nilikwenda kwa ubishi tu, ili nirudi nikuambie hakuna kitu. Alilala chini ya gari, akapitisha kurunzi, akagonga gonga. Hakuna tone. Akaona bomba moja lina unyevu, akachukua kipande cha sabuni ya mche akakisugua pale kupaziba, kama wanavyofanya mafundi wote, akatoka akijifuta mikono.

"Imekwisha hiyo, Mama Nashipai. Ikirudi, nitafute."

Na kweli siku zilizofuata ilikwisha. Wewe mwenyewe ulisema haipo. Mama Halima akakubali tena madumu, ingawa hakunisalimia vizuri. Nikatamba, unakumbuka? Nikasema fundi ni fundi. Nilitamba mpaka wiki ikaisha, na wiki iliyofuata ikarudi, kali kuliko mwanzo.

Hapo ndipo nikaamua kuimaliza mwenyewe, kwa njia ya nyumbani kwetu.

Unajua koko, bibi yako, alivyotulea. Kwa mama yangu yule, chombo chochote chenye harufu kilikuwa na dawa moja. Kibuyu kikichacha, anachoma kijiti cha oloirien, ule mzeituni wa porini, mpaka kiwe kaa jekundu, anakiingiza ndani, anasugua, anafunika, moshi unakaa humo. Kibuyu kinatoka kitamu, na maziwa yanakaa. Mtindi wetu unanunuliwa mpaka Themi kwa sababu ya ule moshi. Mimi nimekua nikijua kwamba harufu mbaya inaondolewa kwa kaa la oloirien, kama wengine wanavyojua kwamba uchafu unaondolewa kwa maji. Na kwa kuwa sikusikia ile harufu, niliichagulia jina ninalolijua. Nikasema ni maziwa yamemwagika chini ya siti yakachacha. Gari ni chombo cha maziwa. Litafukizwa kama kibuyu.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Madumu yamepangwa pembeni tayari kupakiwa. Lemayani yuko mgongoni kwenye khanga, amelala. Nikaweka makaa kwenye kopo la maziwa ya unga, nikatupia vijiti juu, vikaanza kutoa moshi mzuri, nikawa naliendea gari. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Nilibakiza hatua chache tu.

"Yeyoo!"

Hujaniita hivyo tangu ukiwa mdogo. Siku hizi ni Mama, Mama. Nikasimama kwa sababu ya lile jina, sikujua kuna nini.

"Simama hapo hapo! Usisogee!"

Mtoto hamwambii mama yake hivyo, na majirani walikuwa wanasikia. Nilikuwa naanza kugeuka nikuulize unaongea na nani, ukawa umeshafika, umeninyang'anya kopo ukakimbia nalo upande wa migomba, ukaliweka chini, ukarudi ukabeba dumu zima la maziwa, ukalimimina juu ya yale makaa. Maziwa meupe yakachemka juu ya makaa, yakatiririka kwenye vumbi mpaka miguuni mwako.

"Umemwaga maziwa ya watu!"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu maji yalikuwa mbali."

Nashipai, nilikusema maneno mengi mabaya asubuhi ile. Sitayarudia hapa, unayajua. Ulisubiri nimalize pumzi. Halafu ukaingia nusu mwili kwenye gari ukaivuta siti ya nyuma juu, ukainua zulia. Chini yake kuna kifuniko kidogo cha bati, ukakibandua. Lile eneo lote lilikuwa jeusi, limelowa.

"Husikii, Mama?"

"Sisikii."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Tangu mimba ya huyu."

Ndivyo nilivyosema kwa mara ya kwanza, nimesimama kwenye tope la maziwa. Ulinitazama, na nikajiandaa kusikia, "Kwa nini hukusema?" Hukuuliza. Ulichukua mkono wangu kama mimi nilivyokuwa nauchukua wa kwako kukufundisha kushika chuchu ya ng'ombe, ukaviweka vidole vyangu pale palipolowa.

Palikuwa na baridi. Si baridi ya maji. Ni baridi inayokimbia, unaishika, inauma kidogo, halafu vidole vimekauka kama hukushika kitu. Hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nalipeleka wapi lile kopo, na nani alikuwa mgongoni mwangu. Nilikaa chini, Lemayani akaamka akaanza kulia, ukamtoa kwenye khanga ukampeleka mbali na gari, kule kwenye zizi, ukamwonyesha ndama. Uliendelea tu na kazi, kama mtu aliyefunga bomba lililoachwa wazi.

Ulinikataza kuliwasha gari. Ukampigia fundi Elia akapanda na bodaboda, na mazungumzo yenu yale nimeyahifadhi moyoni, nikichoka huwa nayatoa nacheka peke yangu.

"Wewe binti umejuaje ni hapa? Mimi nimetafuta chini yote."

"Inanuka Jumatatu na Jumanne, Ijumaa hainuki. Jumatatu ndiyo tunajaza tangi."

"Enhe."

"Na asubuhi inazidi, kwa sababu usiku gari linalala limeelekea juu mlimani. Mafuta yanarudi nyuma. Nikajiuliza, tangi likijaa na likiinama, yatatokea wapi? Hayawezi kutokea chini. Yatatokea juu."

Fundi akafungua mfuniko wa pampu, ule uliokaa juu ya tangi, akatoa mpira wake wa kuziba. Ulikuwa umekauka, umepasuka, mgumu kama ganda la chungwa la juzi.

"Mama Nashipai, huyu unampeleka uuguzi wa nini? Niachie mimi, kule Sakina."

"Nimwache na wewe na sabuni yako ya mche?"

Alicheka mpaka akaangusha spana. Ni mtu mzuri. Akasema mbele yako kwamba yeye alitafuta chini kwa sababu amezoea mafuta yanadondoka, na haya hayakudondoka. Akaweka mpira mpya, akakaza, akatuambia tuache milango wazi kutwa nzima.

Nikakaa nikawaza jambo moja nililolipenda. Miaka yote ya nyuma tulikuwa tunatia petroli kidogo kidogo, ya kufika mjini na kurudi, tunaomba Mungu kwenye kona ya mwisho. Ule mpira labda ulishakufa zamani, lakini mafuta hayakuwahi kupanda mpaka pale. Tumeanza kujaza tangi mwaka huu, tangu tulipopata wateja wa Kijenge na Themi, na wateja hao uliwatafuta wewe, ukitembea na chupa ya mtindi mkononi mlango kwa mlango, "Shikamoo mama, onja kwanza." Kwa hiyo hata ile harufu ililetwa na neema. Usicheke. Nimeshukuru kwa mambo ya ajabu zaidi.

Sasa ile nyingine.

Jioni ile ulisema, ukiwa unaosha madumu, hukuniangalia: "Mama, mimi chuo nitaahirisha. Nikiondoka, nani atakunusia?"

Nilitakiwa kujibu pale pale. Nilisema tutaona. Nataka ujue kwa nini, usije ukadhani nilikuwa naifikiria petroli. Nilikuwa nakufikiria wewe, mlangoni, asubuhi, na maziwa yakipakiwa na mtu mwingine zaidi yangu. Nilitaka ubaki. Nilitaka vibaya sana. Na wewe ulikuwa umenipa sababu nzuri ambayo hakuna mtu angenilaumu kwayo. Nikaishika, nikakaa nayo siku baada ya siku, nikikuona hufungashi.

Nilipokuwa na umri wako koko aliniambia nisiende kwa shangazi Moshi kujifunza ushonaji, nikae kidogo tu mpaka mvua ziishe, mgongo unamsumbua. Hakuniambia uongo, mgongo ulimsumbua kweli. Nilikaa. Zile mvua hazijaisha mpaka leo. Sijutii, maana kwenye mvua hizo nilikupata wewe, na sina kitu nilichopata kizuri zaidi. Lakini najua jinsi "kidogo tu" inavyosemwa, na najua uso wa anayeisema. Juzi nilijitazama kwenye kioo cha gari nikauona.

Nilikwenda kwa Mama Halima kumwomba radhi ya lile dumu. Nikamwambia yote, la pua na la makaa. Alishika mdomo. Halafu akauliza habari zako, nikamwambia umesema utabaki.

"Kasema mwenyewe?"

"Kasema mwenyewe."

"Na wewe ukasema nini?"

"Tutaona."

"Tutaona! Mimi nilikuwa namwambia Halima wangu 'tutaona' kila nilipotaka kumkatalia nikaogopa kuonekana mbaya. Mwenzangu, unataka mtoto akae nyumbani awe pua yako?"

Akanisukumia kikombe cha chai.

"Pua ninayo mimi, tena unaijua ilivyo. Kila asubuhi pitisha madumu yote hapa kwanza, ninuse, ndipo uende Themi. Yakinuka nitakuambia mbele za watu, unajua siogopi."

Najua haogopi. Ndiyo nilivyopata pua, mwanangu, kwa mtu niliyemnunia mwezi mzima. Mtungi wa gesi nimeuhamishia nje, chini ya kibanda, uliuona ukadhani nasafisha jikoni. Na huyu Lemayani naye ameanza, ukimpelekea nepi yake mwenyewe anakunja uso anasema "fuu". Tutafika.

Ya gari nitaishika kwa vidole, kama ulivyonifundisha. Leo mchana ulipokwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nilishuka sheli nikajaza tangi mpaka juu. Nimerudi nikaliegesha pale kwenye mwinuko mkali kuliko tunapoliweka siku zote, pua juu kabisa, nikaweka mawe nyuma ya matairi. Nikainua siti, nikakata kona ya ile khanga ya kubebea, ile uliyobebwa wewe kabla ya mdogo wako, nikaizungushia kwenye mfuniko wa pampu, nikarudisha zulia. Italala humo mpaka asubuhi.

Alfajiri nitaitoa nikiwa peke yangu. Kama ina ule ubaridi unaokimbia, nitakuamsha nikuambie, na barua hii nitaichoma jikoni, mbali na gari. Kama ni kavu, nitaikunja ndani ya karatasi hizi nikupe. Kwa hiyo kama unasoma hapa, wewe tayari unajua.

Sijui kushukuru vizuri kwa mdomo. Nikianza naishia kukuuliza kama umekula. Basi nakushukuru hapa, kwa karatasi, ambako huwezi kunikatiza. Asante kwa nafasi ya vidole viwili. Asante kwa kuniita Yeyoo. Asante kwa dumu zima la maziwa. Asante kwamba hukuuliza kwa nini sikusema, ukanishika mkono tu. Sijui huko chuoni watakufundisha nini zaidi ya hapo, lakini nenda ukafundishwe.

Na siku ukikuta huko jambo usilolisikia wewe na wenzako wote wanalisikia, usijifanye. Niambie. Nitapanda basi na pua yangu iliyokufa, nitakuja kukushika mkono.

Nakupenda. Sasa acha hilo begi, ulale.

Mama yako.

Kumekucha. Nimekigusa kile kipande cha khanga kwa vidole, kwa shavu, mpaka kwa ulimi, usinigombeze. Ni kikavu. Kiko humu, kwenye mkunjo wa mwisho. Lakini mimi sina pua, wewe unayo, kwa hiyo kinuse hapo ulipo, kwa mara ya mwisho, uniangalie. Mimi nimekwisha kukaa kwenye usukani, nakusubiri, na begi lako nimelipakia.